Jogoo Niliyempeleka Ikola

Jumapili, 7 Septemba

Misa ya kwanza. Padri mgeni, mahubiri marefu, sauti ya mbu. Nimerudi nikageuza dagaa wa juzi. Chanja moja, tena haijajaa. Mbalamwezi hii, taa za wavuvi hazina kazi. Wanaume wa Karema wote wamelala midomo wazi kama migebuka. Mume wangu yumo.

Mama Getruda jirani kanifuata mpaka chanjani. Eti binti yangu Redempta bado yuko Ikola na zile mashine za maboti? Bado. Eti hajachoka? Hajachoka. Eti na mikono yake je, si itaharibika? Nikamwambia mikono yake ipo, yote miwili, inafanya kazi. Mwanamke huyu ana mabinti wanne, kutwa wanasukana nywele wakingoja waoaji. Wasukane.

Wangu anafungua mashine nzima, anapanga vipande kwenye turubai, anarudishia, anavuta kamba, inawaka. Mwezi wa pili tu huu. Alianza ziwa lilipokuwa limefungwa, mashine zote ziko nchi kavu. Kidato cha nne alipata divisheni foo. Nasema wazi, sifichi. Waliopata ziro wanatembea hapa hapa Karema vifua mbele, mimi ndiyo nione aibu?

Hakuna mwenye mtoto kama huyu ufukwe huu. Nimetazama nyumba kwa nyumba. Hakuna.

Jumatano, 10 Septemba

Kijana wa mradi wa kuwatafutia vijana ufundi amepita na pikipiki yake. Viatu vyeupe. Nani anavaa viatu vyeupe kuja kwenye dagaa? Katoka Mpanda na vumbi lote la njiani, anajipangusa kwa kitambaa kidogo kama bwana harusi.

Huyu ndiye aliyewakusanya vijana pale shuleni. Akasimama mbele yao: "Vijana, fursa zimewazunguka!" Kinachotuzunguka hapa ni nzi. Nilikuwa nyuma pale, nilicheka kwa sauti, nikaombwa nitoke.

Lakini haki yake nimpe. Aliwauliza wale watoto swali moja la maana: ukiwa hujatumwa na mtu, unafanya nini? Wengine wakabaki wanaangaliana. Rede akasema, nafungua mashine ya baba. Basi akamtafutia fundi. Fundi Kiza wa Ikola, ndiye mkubwa wa mashine mwambao huu wote. Miezi mitatu anafundishwa, hadi katikati ya Oktoba. Fundi akiridhika anasema neno lake, halafu Rede anakwenda Mpanda kupimwa kwa mikono, siyo kwa karatasi. Akifaulu anapata cheti na njia ya kuingia chuo cha ufundi pale pale Mpanda. Si Dar, si Mwanza. Pale pale, Jumapili anarudi kwa mama yake. Bila neno la fundi, hakuna kupimwa. Baada ya hapo mradi unafungwa, kijana na viatu vyake anahamia wilaya nyingine.

Leo kaniambia fundi kasema: "Huyu mtoto ana mkono." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia, upepo ulikuwa mwingi. Upepo haukuwepo.

Mtu aliyesema maneno kama hayo hashukuriwi kwa mdomo mtupu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetoka Ikola sasa hivi. Mgongo umekufa na pikipiki ya kukodi lakini moyo umenenepa.

Nilimchukua jogoo wangu mwekundu, yule anayewatawala wenzake mpaka kwa Mama Getruda. Unga wa muhogo, mweupe, nimechekecha mwenyewe. Ungo mpya. Juu nikafunika kanga ambayo haijagusa maji. Sikushukia mlangoni kwa watu kama mgonjwa. Nilishukia mwanzo wa mwalo, maboti yanapofungwa, nikajitwika ungo kichwani, jogoo kwapani, nikakatiza katikati ya maboti na waanika dagaa wote, taratibu, waone. Wakaona.

Mama Amosi, mke wa fundi, katoka jikoni. Kuniona tu na ungo akapiga magoti yote mawili, kwenye mchanga! Kapokea kwa mikono miwili. Kapiga vigelegele. Majirani wakatoka, nao wakapiga. Watu hawa asili yao ni kaskazini mwa ziwa, mimi siku zote nawaona washamba, lakini kumpokea mgeni wanajua. Karema ukipeleka jogoo wanakuuliza kama anaumwa mdondo.

Fundi Kiza mwenyewe aliinuka kwenye kigoda chake akaenda nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka naondoka. Aibu ya kusifiwa. Wapo wanaume wa hivyo.

Rede sikumkuta, alitumwa petroli. Kijana wao Amosi ndiye aliyenisindikiza na mkoba. "Mama angalia hapo, mama kuna kamba." Miwani ya jua, vifungo vya shati wazi mpaka kitovuni. Hovyo kabisa. Ila kabeba mkoba vizuri.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimewasimulia wote mwaloni. Magoti, vigelegele, kila kitu. Mama Getruda kasema, "Mbona heshima imezidi?" Kijicho hicho. Heshima haizidi, inazidi kwa ambaye hajawahi kuipata.

Alhamisi, 18 Septemba

Rede kapiga simu. Sauti yake siyo.

Fundi hamsemeshi. Tangu Jumapili. Akitaka kumpa spana anaiweka chini, anarudi nyuma, Rede anaiokota. Akisogea karibu aone anavyofungua kabureta, mzee anaacha kazi anasimama mbali, anatazama ziwa. Akiwa na neno analiambia boti: "Mtu asafishe zile plagi." Leo Mama Amosi kamwondoa kabisa kwenye mashine. Kampeleka jikoni kusonga ugali, na kamwita "mwanangu".

Rede ananiuliza amekosa nini. Mtoto ambaye hakulia hata alipovunjika mkono darasa la tatu.

Nina hasira. Najua ni nini. Mzee kaona mtoto anampita. Sifa za mtoto wa kike zimemkwama kooni. Wanaume! Umpe jogoo, umpe unga, bado akununie.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimempigia kijana wa mradi. Anasema hiyo ni changamoto. Nikamwambia changamoto ni ya nani, yeye au mwanangu? Akasema atafuatilia. Nyuma nikasikia muziki na watu wanacheka. Anafuatilia huko huko baa.

Mume wangu anasema tungoje. Kungoja ndiyo kazi anayoijua. Angekuwa na cheti cha kungoja.

Jumatatu, 22 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Giza limerudi, dagaa wameshuka asubuhi kama mvua. Niko mpaka viwiko kwenye dagaa, boti kutoka Ikola likafunga mwaloni. Wakashuka wazee wawili wamevaa makoti. Kwenye jua lile, makoti. Wanamtaka Baba Redempta. Nikawapa vigoda, nikasimama pembeni na mikono yangu inayonuka.

Mkubwa wao akasema, "Tumekuja kushukuru jogoo."

Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikatafuta kwa macho Mama Getruda yuko wapi asikie.

"Na tumekuja kuuliza, mnataka ng'ombe au mnapokea fedha?"

Nikamuuliza, ng'ombe wa nini baba?

"Wa binti yetu. Wa Amosi."

Wakanieleza. Kwao huko kaskazini, mama wa binti akipeleka jogoo hai na unga kwenye ungo mpya uliofunikwa kanga mpya, akaupeleka mchana kwa miguu yake, mama wa kijana akaupokea kwa magoti, basi binti ametolewa. Hakuna anayesema neno. Ungo ndio uliosema. Ikola nzima iliona. Nilihakikisha mwenyewe kwamba imeona!

Na fundi tangu saa ile ni baba mkwe. Baba mkwe kwao hampi mke wa mwanawe kitu mkono kwa mkono. Hasimami naye kivuli kimoja. Hamwiti. Sasa utamfundishaje mtu mashine bila kusimama naye na bila kumpa spana? Mzee wa watu hakununa. Alikuwa anamheshimu.

Baba Rede alicheka mpaka akakohoa. Nilimwangalia akaacha.

Nikawaambia wale wazee, kwetu jogoo ni jogoo. Nani duniani anaozesha mtoto kwa jogoo mmoja na unga wa muhogo? Wakaangaliana. Mdogo akasema kwa upole, upole ambao ulinichoma kuliko tusi: "Mama, sisi hatukukuomba."

Nikauliza inafutwaje. Mkubwa akasema, kilichoingia kwa ungo hutoka kwa ungo. Aliyeleta achukue mwenyewe. Mchana, watu wakiona. Siyo baba, siyo mjumbe. Akasema tena, "Ila tangu nizaliwe sijamwona mama aliyefanya hivyo."

Wakala dagaa wangu, wakaondoka na makoti yao.

Jumanne, 23 Septemba

Sijalala vizuri. Kurudi kudai zawadi. Mimi! Hapa Karema anayedai alichotoa anaitwa mrudia matapishi, na jina hilo linamfuata mpaka kwenye msiba wake.

Kijana wa mradi kafika. Leo viatu vya bluu. Anasema ataitisha kikao cha wadau, mila na jinsia, na chai itakuwepo. Lini? Mwisho wa Oktoba. Miezi mitatu itakuwa imekwisha, neno la fundi halijatoka, mtoto yuko jikoni anasonga ugali. Nikamwambia, "Mwanangu, chai kunywa wewe."

Mama Getruda kasikia, nani hajasikia. Anasema kwa nini nahangaika, si bahati hiyo? Nyumba ya bati, maboti mawili, kijana mzima. "Binti wa mashine ataolewa na nani, Mama Rede?" Nimemjibu vibaya. Lakini nakiri hapa ambapo hakuna asomaye: nilifikiri kidogo. Maboti mawili si kidogo.

Jioni nikampigia Rede. Nikamuuliza, Amosi unamtaka?

"Mama, Amosi hajui hata kuwasha mashine ya baba yake."

Basi hilo limekwisha. Halafu akaniuliza, taratibu, "Mama, nani alikutuma na jogoo?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nizae. Nikasema mtandao unakata.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekwenda.

Nilivaa nguo ya kanisani. Nilishukia pale pale mwanzo wa mwalo, nikapita katikati yao, safari hii mikono mitupu. Wanawake wale wale. "Karibu Mama Mkwe!" Wananichekea kwa wema. Afadhali wangenitukana.

Mama Amosi kanipokea, "Karibu mkwe wangu," kaleta maji kwenye kikombe cha wageni. Sikunywa. Kiti sikukaa. Fundi alikuwa kwenye kigoda, mashine imefunguliwa mbele yake, kanipa mgongo kwa adabu. Rede alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Mwiko!

Nikasema kwa sauti, "Nimekuja kuchukua jogoo wangu."

"Umesemaje mkwe?"

"Jogoo wangu. Na ungo, na unga, na kanga. Mimi siye mkwe. Nilileta shukrani, sikuleta binti. Kosa ni langu, vitu ni vyangu, naondoka navyo."

Halafu wanawake wa mwalo wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kama kuku walioona punje.

Mama Amosi alikuwa ameivaa ile kanga. Aliifungua pale pale, chini ana nyingine, akaitupa miguuni pangu. "Chukua! Na jasho langu humo, ukalifue." Unga walishakula. Akaingia ndani akatoka na unga wao, akajaza ungo mpaka ukamwagika. "Shika, tusije tukaitwa wezi na watu wa Karema." Jogoo alifungwa kwenye nguzo, amenona kuliko nilivyomleta. Walimtunza. Hilo nalo lilinichoma.

Amosi alisimama pembeni. Akavua miwani. Kumbe ana macho ya mtoto. Nikamhurumia. Kidogo tu.

Nikajitwika ungo. Jogoo kwapani. Nikatoka.

"Karema wanarudia mpaka kuku!"

"Mama, na maji uliyokunywa utayatapika?"

"Hakunywa huyo! Alijua!"

Wakacheka, na yule mshenzi wa jogoo akawika katikati ya mwalo, mara mbili. Niliapa sitageuka. Wapumbavu wote, wanuka dagaa, hawana hata mtoto mmoja wa kuwafanya wapite ilipopita miguu yangu leo. Nilitembea hivyo, nawatukana moyoni mmoja mmoja kwa jina.

Nikageuka. Nilikuwa nimefika kwenye maboti ya mwisho.

Mama Amosi alikuwa anamfokea mumewe, mikono kiunoni, amfukuze yule mtoto leo leo. Fundi Kiza alijifuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema, na upepo ulikuwa unakuja upande wangu, nilisikia kila neno:

"Mama Amosi, jogoo ameondoka. Mashine za watu zipo."

Akageukia jikoni. "Wewe mtoto. Weka huo mwiko. Njoo ushike hapa."

Rede akaenda. Mzee akachukua spana akampa. Mkononi. Kiganja kwa kiganja, na wote wawili wakainama kwenye mashine ile ile, kivuli kimoja.

Hakunitazama Rede. Alikuwa anatazama kabureta.

Jumamosi, 27 Septemba

Karema yote inajua. Watoto wananipigia kokoriko nikipita. Wazazi wao wanawakataza huku wakicheka.

Nimeona aibu. Naandika mara moja tu, sirudii.

Jogoo nimemuuza kwa watu wa boti linalokwenda Kigoma. Sikutaka kumla wala kumsikia. Unga wa Mama Amosi nimeupika. Una mchanga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Amosi hampi Rede chakula cha mchana tena. Rede anabeba muhogo wake kutoka kwa mama yake mdogo anakolala. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, pengine zaidi.

Fundi kasema neno lake. Kijana wa mradi ndiye kaleta habari. Jumatano ijayo Rede anapimwa Mpanda. Na eti mradi unaniomba mimi niende nikaongee na wazazi wengine, juu ya mchango wa mzazi katika ndoto za kijana. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamfukuza.

Jumapili, 19 Oktoba

Rede kaja jana na gari la jioni kutoka Mpanda. Walimpa mashine iliyokufa, akaiwasha. Majibu bado. Kasema hayo, kala sahani mbili, kalala. Mpaka leo saa tano yuko kwenye mkeka, kivulini ukutani, mkono mmoja nje. Kucha zina grisi ambayo haitoki. Nimejaribu kwa sabuni akiwa usingizini, haitoki.

Mama Getruda kaja chanjani. Kauliza, kafaulu?

Nikasema sijui.

Akasubiri niendelee. Nikageuza dagaa.

Wingu likapanda upande wa ziwa, la kwanza mwaka huu, jeusi. Dagaa walikuwa wametandazwa mpaka mwisho wa ufukwe, giza hili limewaleta wengi. Siku nyingine ningepiga kelele, Rede! Rede amka, mvua! Sikumwita. Nikaanza kuzoa peke yangu, haraka, kimya. Mama Getruda akaniangalia, akaangalia pale mkekani. Akavua viatu, akashika ncha ya pili ya turubai la kufunikia.

Matone yakaanza. Tukamaliza. Rede hakuamka.